Mia Nne kwa Dakika

Seva ya zahanati yetu, hapa Barani, Malindi,
haikujengewa chumba. Ilipewa stoo ya mashuka,
ukuta mmoja na wodi ya wazazi.
Feni zake za kiwandani zilikuwa fupi, nene,
zenye kelele za kinu cha mahindi,
mpaka Sista Umazi akanishika mkono kwenye korido:
"Fundi, hapa watu wanajifungua.
Hiyo yako inajifungua nini?"

Nikaagiza nyingine Mombasa, nne, pana, za kimya.
Zikaja na basi la alfajiri ndani ya katoni ya sabuni.

Pini nne kila moja. Ya kwanza ni ardhi,
ya pili huleta volti kumi na mbili,
ya tatu ni ulimi: kwayo feni husema imezunguka mara ngapi,
ya nne ni sikio: huambiwa ongeza, huambiwa punguza.
Kuna kibanzi cha plastiki cha kukuzuia usikosee,
na mwenye haraka hukosea vilevile.

Nikawasha. Kimya.
Kimya cha kusikia dripu ikidondoka.
Nikamtazama Sista kwa maringo.

Hazikupita sekunde kumi, zote nne zikapiga ukelele,
zikapaa, zikatikisa rafu,
zikashuka, zikatulia,
kisha tena.
Juu, chini. Juu, chini.
Kama mwenye pumu anayeota anakimbizwa.
Ng'ambo ya ukuta mtoto akalia, wa pili akamjibu.

Nikalaumu waya. Nikalaumu umeme,
nikalaumu chumvi ya hewa inayokula hata bawaba,
nikampigia aliyeniuzia, hakushika.
Saa saba usiku nikafungua kumbukumbu za bodi,
nikakuta neno lilelile, mstari juu ya mstari:
feni imekufa. feni imekufa. feni imekufa.

Nayo inazunguka mbele ya macho yangu,
mia nne kwa dakika, bila haraka,
ikipeperusha uzi wa shuka ulionasa kwenye wavu.

Si bure waliiita bodi mama.
Hii ilizoea watoto wa fujo; iliandikiwa kiwandani
kwamba chini ya mia saba hakuna uhai.
Ikisikia mia nne hupiga mayowe, huamsha nyumba nzima;
yule mpole naye hukurupuka, hukimbia.
Kumbe yupo. Humwacha alale.
Akilala, msiba huanza upya.

Nikatoka kupunga upepo. Kwenye kitanda cha mlangoni
Kache wa Ganda, uzazi wa kwanza, siku ya pili,
alimwinamia mwanawe akamfinya kisigino.
Mtoto akalia.
"Alikuwa kimya mno," akasema, kama aliyefumaniwa.
Sista Umazi hakumkemea. Akakichukua kiganja chake,
akakilaza juu ya kile kifua kidogo:
"Hesabu hapa. Usingoje kelele."

Nikarudi stooni. Amri yenyewe haijazi mstari.
Kizingiti cha kifo nikakishusha hadi mia mbili,
feni moja moja, kila moja kwa jina lake.
Sikuandika sifuri.
Sifuri ni uzembe uliovaa kanzu ya imani:
siku feni ikifa kweli, nani atapiga yowe?

Nikakaa juu ya furushi la mashuka, nikangoja.
Sekunde kumi. Dakika. Robo saa.
Kichakata nyuzi arubaini na sita.
Usingizi ukanipitia hapohapo.

Asubuhi nikakuta nepi tatu zimeanikwa nyuma ya seva,
palipo na hewa ya moto,
na Sista keshaondoka zamu.
Nyuzi hamsini na moja, zapanda.
Feni zimeongeza mwendo kidogo,
chini kwa chini,
bila kumwamsha mtu.